Ghorofa Lenu Lina Historia, Iandikeni

Kama unaishi katika ghorofa la zamani pale Kisutu, Upanga au Kariakoo jijini Dar es Salaam, jioni ya leo toka nje, vuka barabara, kisha uliangalie vizuri. Juu, karibu na paa, huenda kuna jina na mwaka vilivyofinyangwa kwa saruji, nusu vimefichwa na bango la duka. Mara nyingi ni jina la aliyelijenga: mfanyabiashara wa Kihindi aliyeweka duka chini na familia yake juu, vyumba vilivyobaki akavipangisha.

Aprili 1971 ilipitishwa sheria, na majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 yakatwaliwa na Serikali. Jengo lililopita miaka kumi halikulipiwa fidia. Wapo wenye nyumba waliofunga virago wakaondoka nchini. Wapo waliobaki humohumo, sasa wakilipa kodi kwa Msajili wa Majumba, ofisi ya Serikali iliyosimamia majengo hayo, sawa na waliokuwa wapangaji wao. Katika vyumba vilivyoachwa wakaingia wauguzi, makarani, walimu, na watoto wa wote hao wakakulia kwenye ngazi moja. Mwaka 1990 shughuli za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa.

Hayo ya sheria yamo vitabuni. Ya kwenye ngazi hayamo, nami naamini hayo ndiyo yenye uzito zaidi: nani alitunza ufunguo wa geti, maji yalipokatika yalipandishwaje juu, msiba ulipotokea watu walikaa wapi na ua wenyewe ni mdogo.

Wanaoyajua ni wazee, na maghorofa haya yanabomolewa kupisha marefu. Tusingoje. Mpigie hodi bibi wa ghorofa ya pili, mpe shikamoo yake, mwombe akusimulie. Andika kama anavyosema, na uombe ruhusa yake kabla ya kumwonyesha mtu mwingine. Tafuteni stakabadhi za kodi za enzi za Msajili, zipigeni picha mbele na nyuma, maana nyuma ndiko watu waliandika hesabu za nyumbani. Pigeni picha ngazi, namba za milango, na lile jina la saruji. Nakala moja kaa nayo, nyingine mpe jirani, na ya tatu kaulizie Nyaraka za Taifa, palepale Upanga, kama wataipokea. Anzeni wiki hii, kabla mkandarasi hajazungushia mabati.