Kilemba cha Ukoka Siku ya Mavazi

Mtu akisifiwa sifa zisizo zake, Waswahili husema amevikwa kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani tu. Jua likipanda hunyauka, na aliyekivaa hubaki kichwa wazi mbele ya watu. Msemo huu watujia kila mwaka zikaribiapo siku za mavazi katika shule zetu za msingi hapa Uganda, na hasa tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022.

Mwendo wa siku hiyo twaujua sote. Barua hutumwa nyumbani kuwaarifu wazazi kwamba kila mtoto aje na kofia ya kuvutia. Siku ikifika, uwanja hujaa kofia za plastiki mfano wa zile za wachunga ng'ombe wa Marekani, mataji ya karatasi za kumeta, na kofia nyeupe za duara zilizonunuliwa jana yake sokoni ili watoto wafanane na watu wa pwani. Walimu hupita wakitazama, mshindi hutajwa, makofi hulia. Nasi twauliza: huyo aliyeshinda ametenda nini? Kofia imetoka dukani, fedha zimetoka kwa baba, na mwenye kuichagua ni mama. Mtoto ametoa kichwa tu. Kama hicho si kilemba cha ukoka, basi msemo huo haujapata mwenyewe.

Hatupingi siku ya mavazi. Watoto wana haki ya kucheza na kucheka, na mwalimu asiyejua kucheka na wanafunzi wake ana upungufu. Tunachokipinga ni mashindano ya mifuko ya wazazi kupewa jina la utamaduni. Katika darasa lolote wamo watoto ambao kwao fedha ya kofia ndiyo fedha ya sabuni au ya daftari. Mtoto wa namna hiyo asubuhi ya siku hiyo hujifanya mgonjwa, au huja akasimama nyuma ya wenzake, kichwa kitupu, akitumaini kwamba hataitwa. Siku iliyokusudiwa kumpendezesha ndiyo imemfundisha kwamba Kiswahili nacho kina kiingilio.

Hapa ndipo penye jeraha lenyewe. Lugha hii katika nchi yetu haikupita njia laini. Kwa miaka mingi wananchi wengi waliisikia kutoka kwa watu wenye bunduki, tangu askari wa King's African Rifles waliovaa tarbushi wakati wa ukoloni, hadi wanajeshi wa miaka ya 1970 waliosimamisha magari barabarani. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Lakini sheria haimwingizi mtu lugha moyoni. Kazi hiyo ni yetu walimu. Nasi twaifanyaje? Twamvisha mtoto wa Mbale au wa Masaka kofia ya kununua, twamwambia leo wewe ni Mswahili, na jioni aivue. Somo alipatalo ni moja: Kiswahili ni vazi la mtu mwingine, la kuazima siku moja kwa mwaka.

Kofia ya pwani yenyewe haipati heshima kwa njia hiyo. Ile ya asili hudariziwa kwa mkono, tundu baada ya tundu, na kofia moja huweza kuchukua majuma mengi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtoto aliyevalishwa kofia ya kiwandani bila kuambiwa lolote juu ya sindano na uzi ameonyeshwa chombo kinachoelea, akafichwa waundaji.

Zipo pia kofia zisizofaa kuchezewa kabisa. Wenzetu wa nchi jirani wasomao jarida hili wanazifahamu. Nchini Rwanda, urugori, lile taji la bua la mtama, huvaliwa na mwanamke aliyejaliwa mtoto. Ni alama ya uzazi na heshima. Kwa Walega wa mashariki ya Kongo, kofia za chama cha Bwami huonyesha daraja ya mvaaji, na serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948. Kuzinakili kofia hizo kwa karatasi ya manila ili watu wacheke ni utovu wa adabu. Mwalimu ajuaye kazi yake kwanza atawaendea wazee awaulize ni ipi ya mchezo na ipi ya heshima. Kisha atalifanya jibu lao kuwa somo.

Je, tuwape watoto kofia zipi? Twajibu: wapeni zile watakazozitengeneza wenyewe, kwa vitu visivyonunuliwa, na kwa maneno watakayojifunza wakati wa kuzitengeneza.

Mgomba haukosekani kwetu. Maganda yake makavu yakilowekwa hulainika. Mtoto huyachana vipande virefu, husuka vitatu vitatu kama nywele, kisha huuzungusha ule msuko kuanzia utosini na kuushona duru kwa duru hadi kofia itoshe kichwa. Penye mkindu, makuti yake husukwa ukili na kazi huwa ile ile. Kwa wadogo wa darasa la kwanza, gazeti kuukuu latosha. Hukunjwa likawa mashua, na mashua ikigeuzwa huwa kofia. Boksi la katoni likikatwa ukanda na kuchomekwa mabua membamba ya majani makavu, huwa kishungi cha korongo, yule ndege aliyemo katika bendera yetu tangu mwaka 1962. Vipande vya vitenge vinavyotupwa chini ya cherehani za mafundi hushonwa vikawa kilemba cha rangi kumi.

Kuna na kofia ya kitendawili, ambayo watoto huipenda kuliko zote. Kila mtoto huchagua kitendawili, hutengeneza jibu lake na kulivaa kichwani likiwa limefunikwa kitambaa. Husimama mbele ya wenzake akasema, "Kitendawili!" Nao huitikia, "Tega!" Husema, "Nyumba yangu ina nguzo moja." Wakishindwa humpa mji, naye hufunua kitambaa: uyoga, mwamvuli wake ni ungo uliochakaa! Hapo pana kicheko, pana lugha, na hapana senti iliyotumika.

Wako watakaosema, "Sisi ni walimu wa lugha, si wa kazi za mikono, na vipindi ni vichache." Twawajibu kwamba hiyo ndiyo sarufi yenyewe. Mnapofundisha hali ya kuamuru ubaoni, mtoto husinzia, mkimwambia "Loweka! Chana! Suka!" na wenzake "Lowekeni! Chaneni! Sukeni!", huikumbuka kwa vidole vyake. Mkimwonya kwamba akiuvuta uzi kwa nguvu ganda litakatika, mmefundisha masharti, na ganda likikatika limewasaidia kufundisha. Ngeli nazo hukaa kichwani, si kwa fumbo bali kwa kweli: kofia yangu, kilemba changu, taji langu, ushungi wangu, mtandio wangu. Hivyo viwili vya mwisho hufanana hadi vifikapo wingi, ndipo vikaachana: shungi zangu, mitandio yangu. Hilo ni somo ambalo mtoto aliyeshika vitu vyenyewe mkononi hatalisahau upesi.

Wengine watasema kofia za watoto zitakuwa mbovu, na wageni waalikwa watacheka. Na ziwe mbovu! Kofia iliyopinda ya mtoto wa miaka minane ina ukweli ambao kofia ya dukani haina. Tena mgeni akimwuliza mtoto huyo habari ya kofia yake, atapata jibu: gandale alilitoa wapi, nani alimshikia mwisho wa msuko, ilimvunjikia mara ngapi. Yule wa kofia ya plastiki ataulizwa nini, ila bei?

Kwa hiyo twashauri mambo matatu, nayo yaweza kuanza muhula huu bila kungoja waraka wa wizara. Kwanza, barua ya kuwataka wazazi wanunue kofia isitumwe tena. Mahali pake itumwe barua ya kuwaomba mabibi na mababu waliojua kusuka waje shuleni asubuhi moja. Wakiwa hawajui Kiswahili, watoto ndio wawe wakalimani. Pili, kofia zote zitengenezwe darasani, katika vipindi vya juma linalotangulia sherehe, ili asiwepo mtoto mwenye kichwa kitupu na asiwepo mzazi anayemshonea mwanawe usiku. Tatu, zawadi isipewe kofia nzuri kuliko zote. Apewe mtoto aliyeieleza kofia yake kwa Kiswahili kilichonyooka, tangu kitu cha kwanza alichokiokota hadi mshono wa mwisho.

Neno kilemba lina maana nyingine ambayo vijana wengi hawaijui. Zamani mwanafunzi alipohitimu kazi kwa fundi wake, alimpa zawadi ya shukrani, na zawadi hiyo iliitwa kilemba. Haikutolewa kabla ya kazi kujulikana. Sisi walimu nasi tuna haki ya kilemba chetu, lakini hatutakipata katika picha za uwanja uliojaa plastiki. Tutakipata siku ile mtoto wa kijiji chochote cha nchi hii atakaposimama na kofia ya maganda ya mgomba, akasema bila kuigiza mtu wa mahali pengine, "Hii ni yangu, nimeisuka mwenyewe." Akisema hivyo juu ya kofia, haitachukua muda atasema vivyo hivyo juu ya lugha.