"SIKUMEZA SHEIKH, NILITEMA": JIBU KWA KIJANA WETU ALIYEKWENDA KUONJA MVINYO

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu, hili ni refu. Mwenye haraka alihifadhi, alisome baada ya Isha.

Nimepata ujumbe wa kijana mmoja, mtoto wa kwetu hukuhuku milimani, aliyesoma juzuu zake hapa Same kabla ya kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Anahudumia wageni hotelini. Ameniruhusu nieleze habari yake bila jina, na nyinyi mnaojifanya mmemtambua, nyamazeni.

Habari yenyewe ni hii. Wenzake wa kazini walimwalika jioni moja nyumbani kwa mtu, Masaki, kuonja mvinyo mwekundu wa Italia. Watu wanane, chupa sita. Kila chupa imefungwa kwa karatasi ya kaki na kuandikwa namba, asijue mtu lebo yake. Unamiminiwa kidogo, unatazama rangi kwenye taa, unazungusha glasi, unanusa, unachukua funda unalizungusha mdomoni, kisha unatema kwenye ndoo. Halafu unaandika: namba moja ni Chianti ya Toscana, zabibu yake Sangiovese. Namba mbili ni Barolo ya Piemonte, zabibu yake Nebbiolo. Mwisho karatasi zinavuliwa, mnaona nani amepatia.

Kijana wetu alipatia nne kati ya sita. Mtoto aliyekulia Mamba kwenye mashamba ya tangawizi! Walimpigia makofi. Msimamizi wake alikuwepo, akamwambia pua kama hiyo haipatikani, nitakupeleka mafunzo uwe mhudumu wa mvinyo, na mshahara utapanda karibu mara mbili. Jibu linatakiwa mwisho wa mwezi.

Akaniandikia: "Sheikh, sikumeza hata tone. Nilitema yote. Je, nimekunywa pombe?"

Kabla sijamjibu yeye, nina neno na waliomtangulia kumjibu. Alikosea akauliza kwanza kwenye kundi la waliosoma naye madrasa. Wakamwita mlevi. Mmoja akamwita murtadi! Subhanallah. Kijana amekuja na swali la dini, amekuja na hofu ya Mola wake, mnamfukuza kwa fimbo?

Na mnamfukuza mkiwa wasafi kiasi gani? Mimi nimehudhuria harusi za huku kwetu tangu Hedaru mpaka Usangi. Nimeona ushungi umefungwa vizuri, Fatiha imesomwa, pilau limeliwa. Kisha nyuma ya nyumba, chini ya migomba, kuna pipa la dengelua "kwa ajili ya wazee". Wazee gani? Wazee wenye kofia ambao saa mbili nyuma walikuwa safu ya kwanza msikitini. Hao hakuna anayewaita murtadi. Wanaitwa wajomba.

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba sote tulishangilia, nami nilishangilia mimbarini. Kiroba kilikuwa cha kijana wa bodaboda. Leo kitu kilekile kikiwa ndani ya glasi yenye shingo ndefu, Masaki, tunaambiwa ni utamaduni, ni elimu ya ladha, na baadhi yenu mnaogopa kukisema msije mkaonekana washamba. Mtume (s.a.w.) alishatutahadharisha kwamba watakuja watu katika umma wake watakaoinywa khamri na kuipa jina jingine.

Sasa nije kwako mwanangu.

Hoja yako naijua kwa sababu umeieleza vizuri, na umeijenga kwa fiqhi, sio kwa matamanio. Umesema: mwenye kufunga akionja mchuzi kwa haja, akautema, saumu yake haivunjiki. Na imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba hakuona ubaya mfungaji kuonja kilichomo jikoni. Kwa hiyo kuonja si kula, na kwa hiyo kuonja si kunywa.

Umekosea mahali pamoja tu, lakini ndipo nyumba nzima inapoangukia. Mchuzi ni halali. Umezuiwa kwa saa chache mpaka jua lizame, na kilichozuiwa ni ule ulaji, mchuzi wenyewe hauna kosa. Adhana ya Magharibi ikilia mchuzi uleule unaubariki kwa Bismillahi. Khamri je? Inasubiri adhana ipi? Khamri imekatazwa yenyewe, na kwa jamhuri ya maulamaa, madhehebu yetu ya Shafi wakiwemo, ni najisi. Kuitia mdomoni na kuizungusha ni kuchukua najisi kwa hiari na kuipaka ulimi unaomsomea Mola wako Qur'ani. Huwezi kupima hiki kwa kile.

Tazama pia amri ilivyokuja. Suratul Maida, aya ya 90. Allah (s.w.) hakuishia kukataza kunywa. Ameitaja khamri pamoja na kamari, masanamu na mishale ya kupigia ramli, akaviita uchafu wa kazi ya shetani, kisha akaamrisha tujitenge navyo. KUJITENGA. Mtu anayeambiwa ajitenge na shimo hapimi ukingo wake kwa vidole vya miguu. Wewe ulisogea mpaka ukingoni ukainamisha na kichwa, halafu unaniuliza kama umeanguka.

(Na kwa kuwa kamari imetajwa humo humo: umesema kila mmoja alichanga elfu hamsini, na atakayepatia nyingi anaondoka na chupa iliyobaki nzima. Hukuiuliza hiyo. Itazame mwenyewe.)

Utasema: mbona Maswahaba walikuwa na vikombe mkononi? Kweli. Anas bin Malik (r.a.) alikuwa akiwamiminia watu nyumbani kwa Abu Talha mpiga mbiu alipopita kutangaza kwamba khamri imeharamishwa. Ikamwagwa mpaka ikatiririka katika njia za Madina. Nao walimwaga, nawe ulimwaga. Lakini wao walipomwaga cha kwanza hawakunyoosha mkono kupokea cha pili. Wewe ulitema mara sita.

Sasa wajuzi. Najua yupo atakayeniletea kauli ya Imamu Abu Hanifa kuhusu vinywaji visivyotokana na zabibu, kwamba kuna tofauti ya wanazuoni katika kiasi kisicholewesha. Tofauti hiyo ipo katika vitabu, siifichi. Lakini ndugu yangu, hiki tunachokizungumza ni MVINYO WA ZABIBU. Hicho ndicho ambacho hakuna imamu hata mmoja aliyesita juu yake, tone lake na pipa lake. Umechukua kauli ya Imamu ukaipeleka kwenye kinywaji pekee ambacho yeye mwenyewe asingekufuata.

Na wewe wa dengelua usicheke, zamu yako imefika. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alipotumwa Yemen alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu vinywaji vya kule, kimoja cha asali na kimoja cha shayiri. Hakujibiwa kimoja kimoja. Alipewa kanuni: kila kinacholewesha ni haramu. Bukhari na Muslim wameipokea. Ingia nayo popote. Dengelua ya miwa yetu, mbege ya majirani zetu Wachaga, tembo la mnazi la Tanga, Barolo inayolazwa zaidi ya miaka mitatu kabla ya kuuzwa. Zote zinapita mlango mmoja.

Sayyidna Umar (r.a.) alilisema juu ya mimbari kwamba khamri ni kile kinachoifunika akili. Mzizi wa neno ndio huo wa kufunika, ndio uliotoa khimari, ushungi wa mwanamke. Nikawaza juu ya zile chupa. Wamezivisha karatasi ili jicho lisiudanganye ulimi. Wanalinda ulimi, na kilichomo ndani kazi yake ni kufunika akili.

Tena ulimi wenyewe si wa kuaminiwa sana. Mwaka 2001 mtafiti mmoja wa Bordeaux, Ufaransa, alichapisha jaribio: wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Nimeileta kwa sababu inachekesha, sikuileta kama dalili. Hata kama wangepatia wote 54, hukumu ingekuwa ileile. Vilevile wanaosema gongo ndiyo inayoua, cha Kiitalia ni safi: mwaka 1986 huko huko Italia zaidi ya watu 20 walikufa kwa mvinyo uliotiwa methanoli. Lakini nasema tena, hata ungekuwa safi kama maji ya Shengena, ni haramu. Tusizoee kutetea hukumu za Allah kwa hoja za bwana afya.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Nilipokuwa mdogo kijijini kwetu alikuwepo jirani, Muislamu, mwenye jina la nabii. Dengelua ikipikwa mahali aliitwa yeye aonje kama imeiva. Anachota kidogo kwa kata, anazungusha mdomoni, anatema pembeni kwenye majani, anasema: bado, acheni mpaka kesho asubuhi. Kila mtu alimwamini. Nasi watoto tulimstaajabia kama wenzako walivyokustaajabia wewe. Nilimwona akitema kwa macho yangu. Sikumbuki ni msimu gani aliacha kutema. Ninachokumbuka ni kwamba tulimzika hajafika miaka hamsini, tumbo limejaa maji, na mkewe alishauza shamba la kahawa.

Huyo hakualikwa na mtu mbaya. Alialikwa na majirani waliompenda. Nawe walikualika wanaokupenda, ndiyo maana nimeandika kwa urefu wote huu. Ungesema umelewa kilabuni ningekwambia tubu, nikamaliza kwa mistari miwili. Wewe umeguswa na makofi. Kwa mara ya kwanza mjini umeonekana una kitu.

Kuhusu ile kazi, siwezi kukuficha. Hadithi inayotaja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya khamri haikumtaja mnywaji peke yake. Yumo mkamuaji, yumo mbebaji, yumo muuzaji, yumo mla thamani yake, na YUMO MNYWESHAJI. Mhudumu wa mvinyo ni mnyweshaji kwa jina la kazi yake. Na kukaa kwenye meza inayozungushwa khamri kumekatazwa hata kwa asiyeigusa. Usisaini.

Hapo hapo na wauza miwa wetu. Unauza muwa wa kutafuna sokoni, kula halali yako. Lakini unapompakilia gari zima mtu unayejua kwa yakini kwamba anakwenda kukamulia dengelua, maimamu wetu wa Shafi wameiharamisha biashara hiyo, na ukiwa na shaka tu wameichukia. Najua maneno haya yatanipunguzia marafiki. Wakulima wa zabibu wa Dodoma mnaoniuliza kila mara, swali lenu ni hilohilo, nitaliandikia peke yake inshallah.

Na mnaosema huku milimani haiwezekani kuishi bila pombe, watazameni majirani zetu Wasabato. Wamekuwepo Upare tangu mwaka 1903 walipoanzia Giti, na mafundisho yao yanakataza pombe. Wanaoa, wanazika, wanakwenda msaragambo, wanalima. Sisi tuliosoma Suratul Maida ndio tunaohitaji pipa nyuma ya migomba?

Mwanangu, nimefikiria pia mshahara huo, kwa sababu najua dawa za mama yako unanunua wewe. Rahisi sana mtu aliyeshiba kumwambia mwenye njaa aache. Nimeulizia. Moshi, ambako kahawa yetu hupelekwa mnadani, kuna watu ambao kazi yao ni kuonja. Wanapanga vikombe vyenye namba, wananusa, wanavuta kwa kijiko kwa sauti, WANATEMA, wanaandika alama. Ni jambo lilelile ulilolifanya Masaki, ila kilichomo kikombeni ni kahawa. Nayo kahawa si ngeni kwetu: masufi wa Yemen waliinywa karne ya 15 wapate kukesha katika ibada. Mwaka 1511 huko Makka wakafanyiwa kikao na kahawa ikapigwa marufuku, ati inafanana na khamri. Marufuku haikudumu. Walichunguza, wakaona haifuniki akili bali inaiamsha.

Pua hiyo hukupewa na Waitalia. Ulizaliwa nayo.

Basi nyinyi mliomtukana kwenye kundi, na nyinyi elfu kadhaa mnaosoma hapa na kuandika "maashallah sheikh" kisha mnaendelea na shughuli zenu, nawaombeni kazi moja. Aliyepo kwenye biashara ya kahawa Moshi, Arusha au Mbeya, mwenye kampuni ya chai au viungo Tanga au Zanzibar, mwenye hoteli isiyouza kileo, aniandikie pembeni leo. Nataka majina na namba za simu, dua nitazipokea baadaye. Kijana ana siku kumi na moja za kujibu.

Na wewe, sukutua kinywa, rudisha ile chupa kama ndiye uliyeondoka nayo, swali rakaa mbili, kisha nipigie baada ya Alfajiri. Mama yako nimeshaongea naye. Hajui lolote kuhusu mvinyo, nimemwambia tu kwamba tunakutafutia kazi karibu na nyumbani. Amefurahi.

Wallahu a'lam.