Kuona Mwanga Si Kuona

Wapo wasemao kwamba mzee wa Mugeta akishaondolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi ashukuru tu, hata kama sura za wajukuu bado anaziona kwa ukungu. Nakataa.

Mwaka 1949, Harold Ridley alipompandikizia mtu lenzi kwa mara ya kwanza huko London, mgonjwa yule alibaki haoni vizuri vitu vya mbali, kwa kuwa nguvu ya lenzi haikulingana na jicho lake. Madaktari hawakutosheka; walijifunza kulipima jicho kabla ya kulipasua. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha hata lenzi inayorekebishwa kwa mwanga maalumu baada ya upasuaji, mgonjwa akishajaribu kuona nayo.

Lenzi hiyo ni ghali, wala siidai. Ninachodai ni jicho lipimwe kwanza, na mgonjwa apimwe tena wiki chache baadaye, apate miwani akiihitaji. Kujivunia idadi ya macho yaliyopasuliwa bila kuuliza yanaonaje ni sawa na mkulima wa pamba kuhesabu mbegu alizopanda na kusahau mavuno. Umaskini wa mzee si kipimo cha macho yake.