Neno la Mungu Mlangoni pa Mdaiwa

Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kufungia majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo kwa njia ya simu bila leseni. Malalamiko yalikuwa yameenea: baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo walichukua namba zilizohifadhiwa katika simu ya mkopaji, na alipochelewa kulipa waliwatumia ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake ujumbe wa kumwaibisha. Wengi wetu tumewahi kuupokea ujumbe wa namna hiyo. Je, Mkristo aliyesikiliza Injili siku ya Dominika anafanya nini anapoupokea Jumatatu?

Ipo pia mikopo ambayo wananchi wenyewe wameiita “kausha damu”: riba kubwa, marejesho ya kila wiki au hata kila siku, na mdaiwa akishindwa, wadai huingia ndani na kubeba godoro, meza, hata cherehani anayojipatia nayo riziki. Akina mama wengi huichukua kwa ajili ya matibabu, sare za shule au mtaji wa genge.

Maandiko Matakatifu yanaufahamu mlango huo wa mdaiwa. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kinamwagiza mkopeshaji mambo matatu. Asichukue rehani jiwe la kusagia, kwa maana huko ni kuchukua uhai wa mtu. Asiingie nyumbani mwa mdaiwa kutwaa rehani. Asimame nje, mdaiwa mwenyewe amletee. Na mdaiwa akiwa maskini, arudishiwe vazi lake jua linapotua, apate kulala akiwa amejifunika. Tuweke cherehani mahali pa jiwe la kusagia, na godoro mahali pa vazi, tutaona kwamba Neno hili linasema nasi leo. Sheria hiyo haifuti deni. Inalinda kazi ya mdaiwa, nyumba yake na usingizi wake, kwa sababu hata mwenye deni ni sura ya Mungu.

Mkopaji naye ana wajibu wake. Yoshua bin Sira, katika sura ya 29, anamhimiza mwamini kumkopesha jirani aliye katika shida, na papo hapo anamhimiza mkopaji kulipa kwa wakati. Anamkemea anayebusu mikono ya mkopeshaji kabla ya kupata, kisha akaleta visingizio siku ya kulipa. Kukopa bila nia ya kulipa ni wizi. Kukopa ili sherehe ya Komunyo ya Kwanza ya mtoto isizidiwe na ya jirani ni kuigeuza Sakramenti kuwa mashindano. Nasi mapadre na viongozi wa parokia tujihoji: je, wapo waamini wanaokopa ili kukamilisha michango tunayowapangia? Kama wapo, sisi pia tumesimama mlangoni pao.

Lipo jambo gumu zaidi. Baadhi ya wanaokopesha kwa riba za kukandamiza ni waamini wenzetu, tunaosali nao kanisa moja. Nehemia, alipoona Wayahudi wakiwatoza riba ndugu zao hadi kuchukua mashamba na nyumba zao, aliwakemea wakubwa wao mbele ya mkutano, nao wakakubali kuvirudisha (Neh 5:1-13). Toba yao ilipimwa kwa mashamba yaliyorudi kwa wenyewe.

Na yule aliyepokea ujumbe wa aibu? Aufute, asiusambaze. Kitabu cha Mithali kinamsifu mwenye roho ya uaminifu anayesitiri jambo (Mit 11:13). Kisha amtembelee mhusika kwa faragha, ajue deni ni kiasi gani na kama mkopeshaji ana leseni. Mtume Yakobo anatuonya tusimwambie mwenye njaa aende kwa amani huku mikono yetu ikiwa mitupu (Yak 2:15-16).

Kanisa limewahi kupita njia hii. Mwaka 1462, huko Perugia, Italia, Wafransisko walianzisha mfuko wa kuwakopesha maskini kwa gharama ndogo ili kuwaokoa na walanguzi wa fedha, na Mtaguso wa Tano wa Laterano ukauidhinisha utaratibu huo mwaka 1515. Sisi tunazo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Zinaweza kuwa na kikundi cha kuweka na kukopa, kilichosajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, chenye riba nafuu na hesabu zilizo wazi.

Jumuiya zetu ni hodari wa kuzikana. Mwenzetu akifariki, fedha za sanda, jeneza na usafiri hupatikana kwa siku moja. Katika ibada ya wiki hii, baada ya kusoma na kutafakari Neno, tuulizane: nani kati yetu hakuja kwa sababu anawakimbia wadai? Tumfuate angali hai.