Kalamu Nyekundu Haifundishi Kiingereza

Imani kwamba kila kosa la sarufi la mwanafunzi anayeanza Kiingereza lazima lisahihishwe papo hapo, la sivyo litaota mizizi, ina wafuasi wengi: walimu, wakaguzi, na hasa wazazi, ambao hupima bidii ya mwalimu kwa wingi wa wino mwekundu daftarini. Hoja yao hufungwa kwa methali, usipoziba ufa utajenga ukuta, na mjadala ukaishia hapo. Methali hiyo ni ya mafundi ujenzi. Ukuta haujijengi; lugha hujijenga kichwani mwa anayejifunza, kwa mpangilio ambao mwalimu hakuuweka na hawezi kuupangua.

Imani yenyewe ina asili yake. Katika miaka ya 1950 na 1960 ufundishaji wa lugha ulitawaliwa na nadharia ya mazoea. B. F. Skinner, katika kitabu chake cha mwaka 1957, aliieleza lugha kuwa tabia inayojengeka kwa kutuzwa, na mwaka 1960 Nelson Brooks, naye wa Marekani, akalifananisha kosa na dhambi. Wanaisimu waliizika nadharia hiyo zamani; madarasani bado inatembea. Mwaka 1967 S. Pit Corder alionyesha kuwa kosa linalojirudia si uzembe, bali ni ushahidi wa kanuni ambayo mwanafunzi amejitungia kwa wakati huo. Anayeandika "he goed" kwa kawaida hakulisikia kwa mwalimu wake. Amelitunga, na ili alitunge ilimbidi kwanza agundue kwamba Kiingereza huonyesha wakati uliopita kwa "-ed". Mara nyingi mwanafunzi huyohuyo aliwahi kusema "went" bila kukosea, kwa sababu alikuwa amelikariri tu. Kalamu nyekundu humwona amerudi nyuma, kumbe ndipo anaanza kwenda. Watoto wanaozaliwa na Kiingereza hupita hapohapo, na hakuna anayewaita wazembe.

Mfano ulio bora zaidi ni ile "-s" ya nafsi ya tatu umoja. "She go to school" limeshamaliza kalamu ngapi tangu Lamu hadi Mbeya! Mwalimu hulifundisha Jumatatu, hulisahihisha Jumatano, na Ijumaa linarudi lilivyokuwa. Hapo ndipo mwanafunzi huitwa mvivu au kichwa kigumu. Lakini Roger Brown, aliyewafuatilia watoto watatu wa Kimarekani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1973, aliona kuwa hata wao waliidaka "-s" hiyo baada ya "-ing" na baada ya "-s" ya wingi. Mwaka uliofuata Heidi Dulay na Marina Burt waliwalinganisha watoto wa Kihispania na wa Kichina waliokuwa wakijifunza Kiingereza, wakakuta mfuatano wa makundi hayo mawili unakaribia kuwa mmoja, ingawa lugha za nyumbani kwao hazina undugu wowote. Kitu kinachochelewa kwa karibu kila mtu hakiwezi kuwa ugonjwa wa darasa moja.

Tena si kwamba mzungumzaji wa Kiswahili hajui upatanisho. Mtoto ambaye hajaanza shule husema "kiti kimevunjika" na "viti vimevunjika" bila kufundishwa na mtu. Tofauti iko kwenye kazi ya kiambishi. Katika Kiswahili kiambishi cha nafsi hubeba habari: "anapika" ni sentensi kamili, na ukiiondoa hiyo "a-" hajulikani nani yuko jikoni. Katika "she cooks", "she" imeshasema yote, na "-s" imekuja kushuhudia tu. Akili ya mwanafunzi, ambayo ina mengi ya kubeba kwa wakati mmoja, huanza kutupa mzigo usio na faida. Ni uamuzi wa busara kabisa, ingawa mtihani hautampa maksi kwa busara hiyo. Pengine hata "my mother she cooks" lina chimbuko lilelile: mwanafunzi aliyezoea kiambishi cha nafsi kilichoshikamana na kitenzi anamtafutia "mother" kiambishi chake.

Masahihisho ya papo hapo, basi, huleta nini? Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya watoto nchini Kanada waliokuwa wakisomeshwa kwa Kifaransa, na mwaka 1997 wakaripoti kuwa njia iliyotumiwa zaidi na walimu ni kuyarudia maneno ya mwanafunzi yakiwa yamenyooshwa. Ndiyo njia iliyoongoza pia kwa kutoitikiwa. Mwanafunzi husikia mwalimu amekubali, akaendelea na hadithi yake. Kwa upande wa maandishi, John Truscott aliandika mwaka 1996 kwamba masahihisho ya sarufi katika insha hayasaidii na yaachwe kabisa. Hapo alipita kiasi, na Dana Ferris alimjibu miaka mitatu baadaye. Hata hivyo, utetezi wa Ferris ulikuwa wa masahihisho yanayochagua na kueleweka. Daftari lililolowa wino halimo humo.

Wenye imani hukimbilia hofu ya kosa kuganda: likiachwa leo halitoki tena. Ni kweli makosa huganda, na aliyelipa jambo hilo jina lake la kitaalamu, Larry Selinker, aliandika kulihusu mwaka 1972. Ila yeye alisema kuwa makosa ya namna hiyo hubaki hata mwanafunzi apewe maelezo na mafunzo kiasi gani. Ushahidi wanaouleta mahakamani unawageuka wenyewe.

Hasara, kwa upande mwingine, inaonekana wazi. Jamii inayokibeza Kiingereza cha mwenziwe kuwa ni cha kuombea maji inamfundisha mtoto kwamba kunyamaza ni salama. Kwenye maandishi hujificha kwa namna nyingine: huandika sentensi fupi alizokwisha kuzikariri, "My name is", "I live in", na daftari linarudi safi. Mzazi anafurahi. Hajui kuwa mtoto ameacha kujaribu. Naye mwalimu mwenye madaftari sitini mezani hukesha akiandika marekebisho ambayo wanafunzi wengi hawatayasoma; wataangalia maksi tu na kufunga daftari.

Haya yote hayamaanishi kuacha kusahihisha. Yanamaanisha kuchagua, na kipimo cha kwanza ni maana. "Borrow me your pen" halijamnyima mtu kalamu, kwa hiyo linaweza kusubiri. "He" na "she" haziwezi kusubiri: Kiswahili hakitofautishi jinsia katika nafsi, kwa hiyo mwanafunzi huzichanganya bila kushtuka, na katika maelezo ya ugomvi msikilizaji hatajua aliyepiga ni nani. Kipimo cha pili ni uchache. John Bitchener, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2008 akiwa Auckland, alisahihisha matumizi mawili tu ya "a" na "the", akaacha mengine yote; waliosahihishwa wakaendelea na walau baada ya miezi miwili maendeleo hayo hayakupotea. Kipimo cha tatu ni kumwachia kazi mwenyewe: mstari pembeni unaoonyesha kuwa hapa pana tatizo la wakati, naye alitafute.

Na kuna kosa moja linalostahili kukatizwa hapohapo, hata katikati ya sentensi. Ukiulizwa kwa Kiswahili "Hujanywa dawa?" nawe hujanywa, jibu ni "ndiyo": umekubali alichosema muulizaji. Kiingereza hutazama tukio lenyewe, na jibu ni "no". Mwanafunzi anayemjibu "yes" daktari aliyeuliza "Haven't you taken the medicine?" hana kosa la sarufi hata moja katika neno lake. Daktari ataandika kuwa dawa imenywewa.