Gesi ya AC haiishi, inavuja

Tangu episodi ya joto itoke, swali ni lile lile: naweza kujijazia gesi ya AC ya gari mwenyewe, nyumbani? Unaweza. Ila sisi tunaokaa katikati ya mji hapa Joburg tuongee kidogo kabla hujanunua kopo.

Wazee wetu waliokulia Dar au Mombasa watakwambia ushushe vioo, upepo upite. Jioni kwenye roboti za Commissioner Street, kioo kikiwa chini, mkono unaingia na simu inaondoka. Kwa hiyo tunafunga. Sasa funga vioo Novemba bila AC, na mtoto yuko nyuma. Mvua ya alasiri nayo ikishuka, kioo cha mbele kinaingia ukungu, na AC ndiyo inayoukausha haraka. Siyo ubishoo huu.

Watu wanaiongelea gesi kama petroli: imeisha, jaza. Hapana bana. Mfumo umefungwa, gesi ile ile inazunguka. Ikipungua sana, kuna mahali inatokea, mara nyingi kwenye mipira ya maungio. Baridi yetu inachangia: Mei hadi Agosti hakuna anayewasha AC, oili inayosafiri na gesi haizunguki, mipira inakauka. Iwashe dakika kumi kila wiki hata kama unatetemeka. Halafu kagua maungio ya paipu. Ukiona mafuta yameshika vumbi, anza kushuku hapo.

Kopo sasa. Soma kibandiko chini ya boneti: gari nyingi tunazoendesha ni R134a, za karibuni zaidi R1234yf, na kiasi kimeandikwa kwa gramu. Usichanganye. Kopo linaingia upande wa presha ndogo, kifuniko chenye L. Ule wa H uache kabisa. Na hapa ndipo wengi wanapotea: kompresa ikiwa haizunguki, presha inalingana pande zote, mshale wa geji unapanda, unadhani imejaa, kumbe gesi ni nusu tu. Geji ya kopo haipimi gramu. Ukizidisha unaweza kuua kompresa, na bei yake unaijua.

Halafu hiyo "nyumbani" yetu, si ni basementi ya ghorofa? Usijazie humo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatulia chini na kusukuma oksijeni nje, wala hutaisikia harufu ya kukushtua. Toka nje, vaa glavu na miwani, maana ikikurukia inagandisha ngozi na jicho.

Kuna na la angani. R134a inapasha dunia zaidi ya mara 1,400 kuliko uzito ule ule wa kaboni dayoksaidi, ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikubaliana pale Kigali kupunguza gesi za jamii yake. Kujazia mfumo unaovuja ni kuimwaga juu kidogo kidogo, kwa pesa yako.

Msimamo wangu: AC iliyopoa vizuri miaka mingi ikalegea kidogo, kopo moja sawa. Ikirudi kuwa moto ndani ya mwezi, usinunue la pili. Nenda kwa fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi yote, kutoa hewa na unyevu, na kurudisha kwa gramu. Kabla ya kuuliza bei, muulize atapimaje pa kuvuja. Akikujibu "tujaze kwanza tuone", washa gari uende kwa mwingine.