Kutoa upepo si kutengeneza breki

Wadau, leo nina hasira, mafundi wanisamehe.

Rafiki yangu ana Toyota Celica ya miaka ya 90. Gari tamu, ila breki zikawa laini kama sifongo. Gereji moja hapa mjini (jina kapuni) wakatoa upepo mara nne. Mara nne! Kila mara analipa, kesho yake pedali inazama tena. Fundi ana jibu moja tu: "Gari la zamani bosi, lizoee."

Lizoee? Gari lisilosimama linazoeleka vipi?

Jumapili tukaingia uvunguni wenyewe. Kumbe kalipa za mbele zilipofunguliwa zilirudishwa kinyume, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Nipeli ya kutolea upepo ikaangalia chini. Sasa upepo unapanda juu. Fungua nipeli ya chini mpaka Krismasi, yatatoka mafuta tu. Tukazirudisha mahali pake, tukatoa upepo mara moja, pedali ikasimama.

Pedali inasema jamani, tatizo hakuna anayeisikiliza. Ukipampu ikapanda, mara nyingi kuna upepo. Ukiikanyaga na kuishikilia ikashuka taratibu, kuna panapovuja, au mipira ya ndani ya masta silinda imechoka, na hapo kutoa upepo hakukusaidii kitu. Gari likivuta upande, tafuta kalipa iliyoganda. Na hii tabia ya kupampu mpaka sakafuni! Kwenye masta silinda kuukuu, sehemu ya ndani isiyofikiwa kila siku huwa na kutu, inachana mipira. Weka kibao chini ya pedali, basi.

Halafu mafuta. DOT 3 hunyonya unyevu. Yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205. Yakishaingia maji yanaweza kuchemka kwenye 140. Shuka nayo Kitonga uone. Bado kuna mtu anakinga yaliyotoka na kuyarudisha kwenye gari, eti asipoteze! Wanaoongeza mafuta ya injini, yanayovimbisha mipira yote, hao siwasemi.

Mtaniambia fundi anafuata mfuko wa mteja. Mfuko upi, uliolipia kazi moja mara nne?

Mfumo wa breki umefungwa, upepo hauingii wenyewe. Ukiambiwa "tumetoa upepo", muulize fundi uliingilia wapi. Akianza kucheka, chukua funguo zako.